Miguu Iliyofukuza Wageni

Sindano alikulia chini ya miguu. Chumba alimolelewa kilipakana na karakana ya baba yake, na mlango wa kati haukuwahi kufungwa mchana. Alipoanza kutambaa alitambaa hadi humo, akalala chali sakafuni, akatazama juu. Juu kulikuwa na bomba refu la chuma lililotoka ukuta mmoja hadi wa pili, na kwenye bomba hilo baba yake alitundika miguu ya bandia: mirefu ya watu wazima, mifupi ya watoto, mingine yenye goti, mingine inayoanzia chini ya goti. Upepo ukipita dirishani miguu iligeuka taratibu, yote pamoja, kama watu waliosikia jina lao likiitwa. Mtoto aliitazama mpaka macho yakafumba yenyewe. Mama yake husema hakuwahi kumwimbia yule binti ili alale, kazi hiyo ilifanywa na bomba.

Jina la Sindano alipewa na mama huyohuyo, kwa sababu ya wembamba wake na kwa sababu alipokaa karibu na mtu lazima amchome kwa swali. Alipokua, maswali hayo yakawa kazi. Alijifunza kutengeneza tovuti za biashara, akatengeneza ya wauza vigae, ya daktari wa meno, ya mwenye nyumba za kulala wageni. Wateja wake walimjia na maneno yaleyale: tuna wageni, wanafungua ukurasa wetu, wanaondoka. Naye aliwajibu vilevile. Mtu anayekufungua kwa mara ya kwanza hakujui na hana sababu ya kukuvumilia. Usianze kumwambia wewe ni nani. Anza kumwonyesha kwamba unajua yeye amekuja na nini moyoni.

Aliwaambia hivyo watu wengi, na kwa wengi ilikuwa kweli. Ilipofika zamu ya baba yake, akayasahau yote.

Baba yake alijulikana kama Fundi, basi. Kwa miaka mingi daktari mmoja wa hospitali kubwa alimpelekea watu waliokatwa miguu, na Fundi akawasimamisha. Kisha daktari akastaafu. Aliyeshika nafasi yake aliwapeleka wagonjwa kwenye kampuni yenye milango ya kioo, na karakana ikaanza kunyamaza. Mashine ya kusaga ikawaka asubuhi tu, halafu mara mojamoja, halafu Fundi akawa anaiwasha ili aisikie. Kampuni ile ikamtuma mtu wake, kijana mwenye mkoba wa ngozi ambaye mama alimbatiza Bwana Mkoba. Alikuwa na adabu, na alichokileta kilieleweka: kampuni ichukue tanuri lake la plastiki na mashine, na Fundi ahamie kwao, awe analainisha miguu ambayo wengine wameipima. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

"Mtu mmoja tu, mama," Fundi alimwambia binti yake. Huwa anamwita mama anapotaka kumkatalia jambo au kumwomba jambo. "Aje mtu mmoja ambaye hakutumwa na daktari wala hakuvutwa mkono na jirani. Ameniona kwenye hiyo tovuti yako, akanitafuta kwa hiari yake. Nikimpata huyo, Bwana Mkoba atarudi na mkoba wake."

"Na asipopatikana?"

"Nitavaa ovaroli yao."

"Ni ya njano," mama alisema kutoka jikoni. "Baba yako na njano hawajawahi kuelewana."

Tovuti yenyewe ilikuwa tayari, na Sindano aliipenda kuliko zote alizowahi kuzitengeneza. Alikuwa amepanda juu ya meza ya kazi asubuhi, jua linapoingia kwa mshazari, akapiga picha ya bomba zima na miguu yake yote. Picha hiyo aliijaza ukurasa wa mbele, kuanzia ukingo hadi ukingo. Chini yake aliandika: Miguu imara, kutoka kwa fundi wa kuaminika. Baba yake alipoiona alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwa Fundi hizo ndizo sifa za juu.

Watu walikuja. Sindano alikuwa ameitangaza anuani kila kona aliyoijua, na chombo kinachofuatilia wageni kilimwonyesha wakiingia mmoja baada ya mwingine. Kilimwonyesha pia kwamba walitoka papo hapo. Hakuna aliyeshuka chini ya ile picha, hakuna aliyeifikia namba ya simu. Akadhani ukurasa unachelewa kufunguka kwenye simu za bei nafuu, akaipunguza picha uzito. Wakaingia, wakatoka. Akakuza herufi. Akabadilisha rangi kutoka buluu kwenda kijani, akakisogeza kitufe cha kupiga simu hadi mahali kidole gumba kinapofika bila taabu. Wakaingia, wakatoka. Kila asubuhi alifungua kompyuta, na kila asubuhi baba yake alipita nyuma ya kiti chake bila kuuliza. Kule kutouliza ndiko kulikomwumiza.

"Unapaka mlango rangi," mama alimwambia, "na watu wanakimbia nyumba."

Ikabaki Jumamosi, na njia moja aliyoitumia kwa wateja wake wengine. Humtafuta mtu asiyeijua biashara hiyo, humkalisha, humpa simu, kisha hukaa nyuma ya bega lake kimya kabisa, akifuatilia kidole kinakwenda wapi na macho yanasimama wapi. Sheria ni moja: humsaidii. Humweleweshi, humchekei, hata kikohozi unakimeza. Kwa mtu aliyeitwa Sindano, hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Mshona nguo wa mama yake alimjua mwalimu mmoja wa chekechea aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali. Mwanamke huyo alikuwa anatembea kwa magongo na hakutaka kusikia habari za mguu wa bandia. Alikubali kuja kwa sababu aliambiwa ni kazi ya kutazama simu.

"Huyo hahesabiki," Fundi alisema mara moja. "Umemwita."

"Sijamwita awe mteja. Nataka anionyeshe nimekosea wapi."

Mlango wa kati ukafungwa. Ulilia kwa kutozoea. Fundi alibaki upande wa karakana akichanganya plasta ya kuchukulia vipimo, ameapa kwamba hatatoa sauti, na mwalimu akaingia upande wa sebule, akaegemeza magongo ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Nimeambiwa kazi yenyewe ni ya kukaa. Basi mmempata bingwa, siku hizi sifanyi lingine."

Mama alicheka. Sindano naye alicheka, akampa simu, akavuta kigoda nyuma yake. "Dada, fanya kama mimi sipo. Uko kwako, umetafuta, umekutana na ukurasa huu."

"Nikikosea?"

"Hakuna kukosea. Kama kuna kosa, ni la huo ukurasa."

Mwalimu aligusa anuani. Picha ilifunguka haraka, kali, imejaa jua, na Sindano akahisi fahari ikimpanda mpaka kooni. Kidole gumba cha mwalimu kilikuwa kimeinuka ili kitelezeshe ukurasa. Hakikushuka. Kilibaki hewani. Kisha mwalimu akaigeuza simu, akailaza kifudifudi juu ya paja lake, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayefunika sufuria.

Sindano aliibana midomo. Aliuona mgongo wa yule dada ukipanda na kushuka, na alitaka kuuliza, alitaka sana, na ulimi wake ulikuwa umenasa katikati ya meno. Upande wa pili wa ukuta sauti ya kukoroga plasta ikakoma.

Mlango ukafunguka. Fundi alisimama hapo na mikono myeupe hadi viwikoni. "Kwani picha haijafunguka?"

"Baba."

"Nauliza tu. Intaneti ya huku wakati mwingine—"

"Imefunguka, mzee," mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kumsomea mtoto aliyekaribia kulala. "Waliponikata, nilipozinduka niliuliza wameupeleka wapi. Mguu wangu. Kila niliyemwuliza aliniambia nipumzike. Sijajibiwa mpaka leo. Sasa nafungua simu, naukuta umetundikwa."

"Hiyo ni plastiki, binti yangu."

"Najua. Kichwa kinajua. Ila nilichokiona ni bucha."

Uso wa Fundi haukubadilika, ila mikono yake ilining'inia, na plasta ikaanza kudondoka matone kwenye mkeka. Sindano aliitazama ile simu iliyolala kifudifudi, akajua. Kwake bomba lile lilikuwa usingizi wa utotoni. Aliliweka mlangoni kama mtu anavyoweka picha ya mama yake. Na kila aliyebisha hodi akiwa na jeraha bichi alifunguliwa mlango akatupiwa jeraha lake usoni.

"Miaka yote hii," Fundi alisema polepole, "kumbe natundika bucha."

"Sikusema kazi ni mbaya, mzee. Nimesema sikuweza kuitazama."

Fundi aligeuka, akarudi kwenye meza yake, akawapa mgongo. Hakufunga mlango. Mama aliinua kitambaa afute mkeka, akakishika tu mkononi.

Mwalimu angeweza kuondoka wakati huo, na Sindano alisubiri aondoke. Badala yake yule dada aligeuza kichwa kuelekea karakana, akilinda macho yake yasipande juu, yakawa yanatembea chini, kwenye vumbi, kwenye miguu ya meza, kwenye ndoo. Yakasimama. Sindano, kwa mazoea ya kazi, akayafuata. Chini ya meza ya kazi kulikuwa na viatu vimepangwa jozi jozi: viatu vya ngozi vya mwanamume, raba za shule, kandambili, na mwisho kabisa viatu vyekundu vya kike, vya kisigino.

"Vile viatu ni vya nani?" mwalimu aliuliza.

Fundi alikoroga plasta. Mama alifungua mdomo, Sindano akamshika mkono: mwache. Mwalimu alingoja, kisha akavuta magongo, akainuka mwenyewe, akaenda hadi mlangoni. Alisimama pale, kichwa kimeinama ili asiione ile safu ya juu.

"Mzee, samahani. Vile vyekundu."

"Vya mwimba kwaya mmoja," Fundi alisema bila kugeuka. "Vinamsubiri."

"Atavivaa? Na kisigino?"

"Sasa vilikuja kufanya nini hapa, kupiga umbea?" Sasa aligeuka, kwa kuwa swali lilikuwa la kazi. "Kila mtu namwambia aje na viatu anavyovipenda, vyote viwili. Urefu wa kisigino ndio unaoniambia mguu niuelekeze vipi. Nikiutengeneza bila kiatu, atasimama kama mtu anayesukumwa. Mguu naufuatisha kiatu chake, si yeye aufuate mguu wangu."

"Mimi vyangu nilimpa mdogo wangu," mwalimu alisema. "Nilidhani basi." Akayaweka sawa magongo. "Unauma?"

"Siku za mwanzo, ndiyo. Akija mtu akakuambia hauumi, mkimbie. Baadaye maumivu yanapungua, ukiona hayapungui unakuja narekebisha."

"Nitaweza kuchuchumaa? Wanafunzi wangu wafupi."

"Kuchuchumaa kutakusumbua. Tafuta kigoda."

Alikubali jibu hilo kwa kichwa, taratibu, kana kwamba ni la kwanza la kweli alilopewa tangu alale hospitalini. Akauliza jingine, na jingine. Alipokuja kuaga, simu ilikuwa bado kwenye kiti, imelala kifudifudi, na hakuna aliyekuwa ameikumbuka.

Jioni hiyo Sindano alimwambia baba yake anachotaka kufanya. Picha ya viatu vyekundu juu ya meza ya kazi, vikiwa peke yavyo, ikae mbele ya ukurasa. Chini yake maswali ya mwalimu, kwa maneno ya mwalimu, na majibu ya Fundi. Picha ya bomba iende ndani, nyuma ya mlango mwingine, aione anayetaka kuiona.

"Unanitoa mlangoni kwangu," baba yake alisema.

"Nakuhamisha tu, baba."

"Mtu akiambiwa ahamie ndani ni kwamba anaonewa aibu mbele ya mgeni." Alikuwa amekaa chini ya miguu yake, na kwa mara ya kwanza Sindano aliiona jinsi wengine walivyoiona, akaona haya kuitazama. "Kama hakuna atakayekuja, siku yangu ya mwisho ya ufundi nitakuwa nimeimaliza nikiuza viatu."

"Nilikosea mimi. Nililala humu, nikadhani kila mtu amelala humu."

Fundi alichukua brashi, akaanza kusafisha meza iliyokuwa safi tayari. Alisafisha pembe moja mpaka mbao ikang'aa. "Fanya," alisema mwishowe. "Lakini majibu nitasema mimi, na utayaandika kama nilivyoyasema."

Kumbe si Fundi peke yake aliyetakiwa kuachia kitu. Jumapili asubuhi, alipofika kwenye swali la maumivu, mikono ya Sindano ilisita juu ya kompyuta. Hakuna biashara aliyoijua inayomkaribisha mgeni kwa kumwambia itamuuma. Alijaribu: "Tuseme, 'utazoea haraka.'"

"Nilisema hivyo?"

"Hapana, ila mgeni wa kwanza—"

"Basi usiandike kitu. Liache wazi."

"Baba, wataogopa."

"Wameshaogopa. Hao wote wanakuja wameshaogopa." Alisema hivyo bila ukali. "Andika ndiyo."

Akaandika ndiyo. Mwimba kwaya alipopigiwa simu kuombwa ruhusa ya viatu, alichotaka kujua ni kama vitapakwa dawa ya viatu kwanza, na mama akavipaka dawa kwa mikono yake. Mchana ukurasa mpya ulikuwa hewani.

Jumatatu ilikuja na joto. Sindano alikaa karakanani na kompyuta mapajani tangu asubuhi, akitazama. Wageni waliingia, na safari hii walishuka. Walishuka polepole, wakasimama kwenye maswali. Mmoja alifika mwisho wa ukurasa, akapanda hadi kwenye viatu, akashuka tena. Sindano alimfuata kama mtu anayefuata nyayo mchangani. Kisha mgeni huyo akatoka, na simu ya baba yake ilikuwa kimya juu ya meza.

"Wanakaa," alisema.

"Wanakaa wapi? Mbona siwaoni," Fundi alijibu.

Bwana Mkoba alifika, akasalimia vizuri, akakaribishwa kwenye benchi la wateja. Akafungua mkoba, akatoa karatasi zake na kalamu, akaziweka mahali pasipo na vumbi. Fundi alinawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, kati ya kila kidole na kidole, na mama aliyekuwa na taulo alilishika kama anayemngoja mtu atoke chumba cha upasuaji.

"Mzee, ile siku ndiyo leo," kijana alisema.

"Naijua."

"Sikukimbizi. Ila ofisi wanataka gari lije kesho kwa ajili ya tanuri."

Fundi alikausha mikono. Alikaa mbele ya karatasi, akatafuta miwani mfukoni, akaivaa. Sindano hakuweza kumtazama, alitazama kompyuta. Mtu mmoja alikuwa kwenye ukurasa wakati ule ule. Alikuwa amesimama kwenye swali la maumivu na hakuwa akiondoka. Njoo, Sindano alimwambia moyoni, njoo basi, hata kama ni kwa kutambaa. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa baba yake.

Simu ikatetema juu ya meza.

Fundi aliisoma akiwa ameishika mbali na macho, kisha akaisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo anavyosoma: "Samahani. Nimeona mmeandika unauma. Unauma kiasi gani?"

Hapakuwa na jina wala mahali. Bwana Mkoba alitabasamu, si kwa ubaya. "Huyo hajawa mteja, mzee. Anauliza tu."

Na alikuwa sahihi. Sharti lilikuwa mtu aje, na hakuna aliyekuja. Sindano alimwona baba yake akiitazama kalamu, kisha simu, kisha kalamu. Akaiweka kalamu chini ili apate mkono wa kuandikia ujumbe.

Aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja kwa wakati, akifuta, akirudia. Sindano aliinuka ili amwandikie, upesi, kabla yule mtu hajakata tamaa.

"Kaa," baba yake alisema.

Akakaa. Mama alimwekea mkono begani, na mkono ulikuwa mzito.

"Mzee," Bwana Mkoba alisema baada ya kungoja. "Nikitoka nazo hizi karatasi, hawatanirudisha tena hapa. Nakwambia kwa heshima."

"Nimekusikia, kijana wangu, na nakushukuru." Fundi hakuinua macho. "Lakini nina mtu."

Karatasi zikakusanywa. Mkoba ulipofungwa ulitoa mlio mdogo, na hatua za kijana zikapotelea mtaani, kwenye kelele za mchana. Fundi alibonyeza kutuma. Alikuwa ameandika kwamba wiki ya kwanza ni kama kiatu kipya kinachobana mfupani, kwamba usiku atautoa na kuuweka kando ya kitanda, na kwamba siku ya kupimwa hatakuwa peke yake. Mwishoni aliuliza: wewe umekatwa wapi, juu ya goti au chini?

Wakaiinamia simu. Haikusema kitu. Feni ya dirishani ilizunguka, miguu juu yao ikageuka kidogo, mama akasema labda mtandao, Sindano akasema mtandao upo.

Kisha chini ya maneno ya Fundi pakatokea alama kwamba upande wa pili mtu anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena, ikabaki.

"Anachukua muda," Sindano alisema.

"Mwache," baba yake alisema. Alivuta benchi karibu na meza, akaendelea kumngoja.